Sikio la Mzee Kasiani

Kilosa nzima hakuna mpanda baiskeli wa mbio aliyenunua fremu kabla mzee Kasiani hajaigonga. Aliining'iniza kwa kamba, akaigonga shingoni kwa spana namba kumi, akafumba macho. Chuma kizima huimba. Kilichopasuka hukoroma, hata ukifunika ufa kwa rangi ya kupendeza namna gani. Kazi hiyo alifundishwa na marehemu baba yake, fundi wa karakana ya reli, na kwa miaka thelathini sikio lake halikumwangusha mtu.

Ila tangu masika ya mwaka jana sikio lenyewe lilikuwa limekufa kwa sauti nyembamba. Ngurumo aliisikia, ndege hakumsikia tena, wala chuma, kiwe kizima au kibovu. Aliyejua ni mkewe Marselina peke yake, naye hakumung'unya maneno: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kasiani alinuna siku mbili, kisha akaendelea kugonga, kufumba macho na kubahatisha.

Jumatatu moja Scolastica, binti wa Kisukuma anayewatoa jasho wanaume barabarani, alimpeleka Mikumi kwa Alfred, muuza baiskeli zilizotumika. Kaka yake binti huyo, Masunga, anaishi hukohuko Mikumi, na Desemba alichaguliwa fremu na mzee huyuhuyu. Sasa zamu ilikuwa ya mdogo mtu, maana Jumapili kulikuwa na mbio zinazoteremka mlima mkali wa barabara kuu.

Alfred aliwatolea fremu mbili za chuma cha daraja la juu. Moja nyekundu, ya Kitaliano, nyepesi, maungio yake yamenakshiwa kama bangili za bibi harusi. Nyingine ya bluu, ya Kijapani, nzito kidogo na imechunika rangi.

Kasiani aligonga nyekundu. Kimya. Akagonga ya bluu. Kimya vilevile. Angesema palepale, aibu ingekuwa ya dakika moja tu. Lakini watu walikuwa wamejaa mlangoni kumtazama mzee akisikiliza, na binti alikuwa amemkodolea macho ya imani. Kiburi cha fundi, jamani, ni kitu kibaya.

"Chukua nyekundu," alisema. "Hii inaimba."

Scolastica alifungua kinywa, akakifunga. "Haya, mzee."

Siku tatu Kasiani alifunga magurudumu, breki na mnyororo. Kila alipoitazama ile shingo nyekundu aliuona mlima, na binti wa watu akiushuka kama mshale. Aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa zaidi jina lake.

Alhamisi mchana Scolastica alifika Mabwerebwere, kwenye karakana ya mzee, kuichukua. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Kasiani aliushika usukani asiuachie. "Mwanangu, nilikudanganya. Kule Mikumi sikusikia kitu. Masikio yangu yamekwisha."

Binti alimsogelea hadi usoni. "Mimi nilisikia. Nyekundu ilikoroma kama debe bovu. Nikajiambia, mtoto mimi najua nini mbele ya mzee Kasiani? Si mnatufunza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu? Basi nikanyamaza."

Mzee aliipindua baiskeli, akachukua kisu, akakwangua rangi chini ya shingo. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya bomba. Akaketi chini kwenye vumbi. "Mungu ni mwema," alisema. "Mungu ni mwema, mwanangu."

Scolastica alikuwa akihesabu kitu kwa vidole. "Masikio yako yameharibika tangu lini, mzee?"

"Masika ya mwaka jana."

"Masunga ulimgongea fremu Desemba."

Kasiani alinyanyua uso.

"Leo anafanya mazoezi ya kushuka mlima," binti alisema, na tayari simu ilikuwa mkononi. Aliweka spika, akaishika katikati yao wote wawili ili na mzee asikie.

Kasiani aliinamisha kichwa hadi sikio likagusa kioo cha simu. Hakupata kitu.

"Inaita?"

"Inaita."

"Bado inaita?"

Scolastica hakujibu. Mzee akaacha kuuliza. Alimkazia macho usoni, maana huko tu ndiko angejua kama Masunga amepokea.