Ziwa la Bibi Khole

Harusi ilibakisha wiki tatu, ukumbi wa Ibra, Omani, umeshakodiwa, na nguo ya Tufool imeshapunguzwa kiuno, ndipo mama yake bwana harusi, Bi Fawziya, alipoweka chini kikombe chake cha kahawa akasema ana wasiwasi mwanawe Maen alinyonyeshwa na Bibi Khole.

Bibi Khole, Mungu amrehemu, ni bibi yake Tufool, mzaa baba.

"Kama alinyonya kwake, basi ni mtoto wake," akasema Bi Fawziya. "Huyo Maen atakuwa ami yake Tufool. Na ami hamuoi mtoto wa nduguye. Haramu."

Tufool alicheka, akidhani mzaha. Bi Fawziya kazaliwa mjini Unguja, na watu wa mjini, nakwambieni, mzaha wao na kweli yao huvaa kanga moja. Lakini safari hii hakuna aliyekonyezwa. Maen alipozaliwa, mama mtu alishikwa na homa akakimbizwa hospitali Maskati, mtoto akaachwa Ibra kwa mavyaa wake, mama wa mumewe. Aliporudi alimkuta mashavu hayo! Nani kamnonesha? Ukuta wa pili alikaa Bibi Khole, ndiyo kwanza karudi kutoka Bujumbura, na kitindamimba wake Badria bado yuko kifuani. Tena toka hapo, kila Idi, mavyaa wake alimpelekea Bibi Khole fungu la kwanza la nyama ya shuwa, ile inayookwa shimoni, kabla hata ya imamu.

"Fungu la kwanza apewe jirani kwa lipi? Lile ni fungu la mama wa kunyonyesha, msinitie ujinga!"

Na wa kuulizwa, mavyaa na Bibi Khole, wote wako makaburini.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sasa mimi simsingizii Bi Fawziya uongo, maana haramu aliiogopa kweli. Ila kila mtu alijua posa ile aliikubali shingo upande. Tangu Maen anatambaa yeye alitaka aoe binti ami yake, mtu wa ndani, si mtoto wa "watu wa Bujumbura". Tufool alimpenda Maen mapenzi ya kumsahaulisha chumvi kwenye mchuzi, na sasa akaambiwa huenda anampenda ami yake. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Khelef, babake Tufool, akaenda sabla, barazani kwa wanaume, kuuliza wazee. Lo! Wakamhesabia mababu wa Maen, bin fulani bin fulani, mpaka wakakaribia safina ya Nuhu. Lakini nani alinyonya kwa nani? Hilo hawalijui, wakaomba kahawa. Suud, babake Maen, akasema habari za maziwa yeye anazijua za ngamia tu. Wanaume wana majina, maziwa wanayo wanawake.

"Basi twendeni Soko la Jumatano," akasema shangazi Badria.

Soko hilo la Ibra ni la wanawake watupu. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na hakuna mimba iliyoingia wala mtoto aliyetoka katika vijiji vile isiyojulikana pale. Maen akaendesha gari. Bi Fawziya alikaa mbele, anataka kusikia kwa masikio yake. Nyuma Tufool akijitafuna kucha, na Badria, ambaye yeye na Maen ni rika moja, hana hata haya.

"Kumbe wewe ndiye uliyenimalizia maziwa yangu! Ndiyo maana nikawa mfupi hivi!"

Maen alishika usukani kwa mikono miwili, macho barabarani. Walipofika alisahau akawafuata mpaka mlangoni, na mama mmoja muuza shela akamfukuza kwa upepeo. "Ebo! Huoni haya, dume zima?" Akarudi garini.

Ndani, meza kwa meza. Mmoja akaapa Khole alinyonyesha nusu ya Ibra. Wa pili akamkatiza, Khole hakuwa na maziwa ya kumtosha hata paka! Wakaanza kugombana wao kwa wao, na moyo wa Tufool ukipanda na kushuka kwa kila neno. Mwisho wakaelekezwa kwa Bi Shaikha, muuza udi, aliyekuwa jirani wa mtaa ule kabla hajahamia Al Mudhaibi kwa mwanawe.

"Khole mama Khelef?" akasema Bi Shaikha, hata macho hakuinua. "Alimnyonyesha mvulana wa nyumba ile. Naam. Nilikuwapo."

Tufool akaishika meza.

"Sikusema mimi?" akasema Bi Fawziya.

"Akamng'ata, mwanaharamu yule! Khole alipiga ukelele tukatoka mbio tukidhani nyoka. Ana meno mawili tu, Suud, lakini wallahi kama panya."

"Suud?" Bi Fawziya akauliza.

"Suud, mumeo! Mama yake ziwa lilikauka. Khole akawa na Khelef huku, Suud huku, mwaka mzima, mpaka alipochukuliwa na mumewe kwenda Afrika. Aliporudi ndipo mavyaa wako akaanza kumpa haki yake ya Idi."

"Na Maen, bibi?" akauliza Tufool.

"Maen maziwa ya kopo. Nikimkorogea mimi kwa mkono huu. Ndiyo akawa na kichwa kile."

"Mbona mavyaa hakuniambia?" akasema Bi Fawziya.

"Ulimuuliza?"

Badria akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, na soko zima likimfuata. Suud mtoto wa Khole. Khelef mtoto wa Khole. Basi Suud na Khelef ndugu! Maen mtoto wa huyu, Tufool mtoto wa huyu...

"Binti ami!" akapiga kelele muuza shela. "Halali yake!"

Vigelegele vilivyopigwa pale! Wasiowajua nao walipiga. Tufool alimkumbatia Bi Shaikha, akamkumbatia na muuza shela, akamkumbatia na mwanamke aliyekuja kununua vitunguu tu.

Maen alivisikia kutoka garini, asijue ni vya nini. Badria akamgongea kioo.

"Niamkie."

"Nini?"

"Baba yako ni kaka yangu wa kunyonya. Niamkie, mtoto wewe!"

"Shikamoo... shangazi," akasema Maen, na neno lilipomtoka akapiga hesabu. Shangazi yake yeye. Shangazi yake Tufool. Watoto wa ndugu wawili! Aliruka kutoka garini bila viatu.

Bi Fawziya akatoka wa mwisho, kamshika Tufool kifundo cha mkono kama mtu aliyeshika mtoto wake sokoni. Maen akanyoosha mkono kumpokea mchumba wake, mama mtu akaupiga kofi.

"Ngoja harusi! Na mnisikie nyote," akawaambia waliosimama barabarani, "huyu ni binti ami wa mwanangu. Wa kwetu huyu! Atakayethubutu kumposa aanze na mimi!"

Hakuna aliyekuwa akimposa. Tufool alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake hakuutoa.