Uzi Mwekundu Ndani ya Fuwele

Itangazwe kwa walimwengu wote kwamba Jumatano, saa nne asubuhi, sayansi ilipiga hatua kubwa. Hatua yenyewe ilinuka miguu.

Mkemia waliyemwita Mama Poliesta alifungua tanuri dogo la maabara akaziba pua. Uvundo ule ungemhamisha hata panya wa chooni. Lakini alipoiona sampuli yake, nusura apige vigelegele. Wiki tatu alikuwa akipika poliesta kwa asidi mbili badala ya moja, ipate kunyumbulika. Asidi ya pili ikavuruga mpangilio wa molekuli, na kila alichopika kikagoma kufanya fuwele, yaani kuganda kwa mpangilio. Kikabaki kinanata kama makamasi, kukigusa tu mwili unasisimka. Leo, baada ya kushinda kwenye joto la nyuzi sitini, kilikuwa cheupe na kigumu.

Na ilikuwa leo au basi. Mkuu wa maabara alishaapa: ikinata tena, kazi inafungwa.

“Imeganda, mzee!”

Mkuu akaja, leso puani. “Hongera. Mbona inanuka kama bweni?”

Kwenye stuli ya kona, binti wa kaka yake mkemia, aliyefunga shule juzi, alizidi kusoma kitabu kwa utulivu wa mtawa.

Mkemia akaweka kipande chini ya hadubini. Fuwele zilichanua kama maua, na katikati ya kila ua palikuwa na kinyuzi cha soksi. Pembeni, gamba la ngozi ya kisigino. Mkuu keshashika kalamu atie sahihi kazi iendelee; mkemia angeweza kunyamaza.

“Usitie, mzee. Haikuganda yenyewe. Uchafu ndio ulioipa pa kuanzia kuganda. Mtu kaanika soksi humu.”

“Soksi? Ptuu! Na mimi asubuhi nimepasha mkate wangu humo!”

Hata tanuri lilionekana kuona aibu.

“Wiki moja zaidi,” mkuu akanong’ona, kijani usoni. “Na mkate tusiutaje.”

Mkemia akarudi kwenye hadubini. Kinyuzi kimoja kilikuwa chekundu, kama uzi wanaoshonea namba za nguo bwenini.

“Arobaini na Saba! Njoo hapa!”

Basi, ndugu msomaji, Arobaini na Saba ni namba yangu ya bweni; yule wa kwenye stuli ni mimi. Nililowa mvua jana, shangazi, nisamehe. Na soksi ya pili bado imo, nyuma ya trei.