Tangazo Ambalo Mama Hakulicheka

Fortunata alifundisha darasa la saba huko Nanyala, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la matangazo ya televisheni. Aliwafundisha watoto kujiuliza ni nani anayesema, anataka tufanye nini, na jambo gani ameliacha makusudi. Jioni alilirudia somo hilo nyumbani na mama yake, Ferista, mjane aliyelima kahawa tangu ujana wake. Mama alilishika upesi kuliko wanafunzi. Tangazo la sabuni likija, alicheka akasema shati lile ni jipya, halijawahi kuingia shambani hata siku moja.

Ndipo likaanza kuonyeshwa tangazo la unga wa mitishamba wa kuponya kisukari. Mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge, alieleza jinsi alivyounywa wiki sita na kuvitupa vidonge vya hospitali. Ferista alikuwa na mwaka wa tisa akimeza vidonge hivyo. Hakucheka. Alimwagiza Amoni, kaka yake Fortunata mwenye duka Tunduma, na Amoni akaleta makopo matatu bila kumwuliza mtu.

Fortunata alipogundua kwamba pakiti za vidonge hazijaguswa, alikaa na mama yake mbele ya televisheni. Akamwonyesha mtu mwenye koti jeupe aliyeusifu unga huo kwenye tangazo, ambaye jina lake halikutajwa. Akalirekodi tangazo kwa simu, akalisimamisha, akamsomea maandishi madogo yaliyopita chini kwa kasi, kwamba dawa hiyo haichukui nafasi ya matibabu ya daktari.

"Hayo wanalazimishwa na serikali kuyaweka," mama alisema.

"Na yule mwanamke amelipwa, mama."

"Labda amelipwa. Lakini wale wa sabuni wanaigiza. Huyu ameumwa kweli. Mimi naujua uso wa mtu aliyeumwa."

Fortunata alimtazama tena yule mwanamke, akaona mama hajakosea. Yalikuwa macho ya mgonjwa.

Alimwita mchungaji, ambaye aliomba, akanywa chai, akaondoka. Alimpigia Amoni, wakagombana. Siku moja alificha rimoti, kisha akaona aibu akairudisha, maana mama si mtoto. Mama mwenyewe alisema anajisikia mwepesi, na kweli nguo zilianza kumpwaya.

Msimu wa palizi, kisiki kilimchoma kidole cha mguu. Hakusikia maumivu, akaendelea kulima. Alipokubali kupelekwa hospitali Vwawa, kidole kilikuwa kimekuwa cheusi na weusi ulikuwa unapanda. Daktari alimweleza Fortunata pembeni, kwa upole, naye akatia saini. Mguu ulikatwa chini ya goti. Amoni alifika kutoka Tunduma, akasimama mlangoni mwa wodi, akashindwa kuingia.

Siku ya nne mama aliushika mkono wa binti yake.

"Mwanangu, usinikasirikie. Nadhani nilikosea kwenye ile dawa."

Fortunata aliinama karibu naye, akasubiri.

"Jumapili nilikuwa naruka, siinywi, kwa sababu ya ibada. Ningeinywa bila kuruka, labda mguu ungepona."

Akauliza kama kopo la tatu bado lipo nyumbani. Fortunata alimvutia shuka mabegani, akamwambia alale.