Rafu za Mwerezi

Jumamosi, tarehe 16 Septemba 2023, saa nne na robo asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Magamba na kulala juu ya uwanja wa shule, na manyunyu yalilowesha viti tulivyompangia mgeni rasmi sisi wanafunzi wa zamani. Mgeni mwenyewe, Valentino, niliyelala naye bweni moja miaka minne, alishuka garini akiongea na simu.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu Esta, mkuu wa shule.

Valentino alimpungia mkono bila kumtazama. Enzi zetu hata mgonjwa wa malaria aliitikia marahaba.

Mwalimu Esta hakumwalika kwa ajili ya hotuba. Alitaka arudishiwe maktaba yake. Kidato cha nne walikuwa wakikaribia mtihani wa Novemba, na vitabu vyao vilikuwa vikiota ukungu ghalani, ndani ya magunia ya viazi.

Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, wenye kampuni za kompyuta waligundua kwamba hofu ni mchuuzi hodari kuliko wao. Waliyokuwa wakiyaahidi kwa miaka kumi yalitekelezwa kwa majuma machache, na aliyeuliza swali aliitwa mshamba. Valentino, mwenye kampuni mojawapo ya vishikwambi, alitutokea kwenye skrini, nyuma yake picha ya bahari isiyokuwa dirishani kwake, akatangaza kwamba vitabu vinavyopita mkono kwa mkono vinaeneza ugonjwa. Bodi ikaogopa. Rafu za mwerezi, zilizorandwa na wanafunzi waliotutangulia, zikakatwa kuwa meza za vishikwambi. Miaka miwili baadaye kampuni yake iliona faida zaidi katika kukopesha watu kwa simu, ikazima masomo. Tangu hapo vishikwambi vinadai nywila ambayo hakuna anayeijua.

Kabla ya chakula nilisimama, mimi mwenyekiti wa wanafunzi wa zamani, nikaweka msumeno na randa mezani mbele yake.

"Ndugu Valentino, unaikumbuka sheria ya bwalo?"

"Eliudi, bwana! Bado unaishi mwaka themanini na nne?"

"Kidato cha pili ulivunja kitanda. Uliketi lini kula na wenzako?"

"Nilipomaliza kukitengeneza."

"Kwa mikono ya nani?"

Wenzetu wakaangua kicheko; walikuwa wamemshuhudia akipiga misumari huku akilia. Sheria ile haijafutwa: aliyevunja hutengeneza kwa mikono yake, ndipo aketi. Asipotengeneza, jina lake huandikwa kwenye ubao wa bwalo.

"Mbao zipo," nikamwambia. "Anza na rafu moja tu."

"Na suti hii? Jamani, dunia imesonga! Nina mfumo mpya hapo garini, una akili mnemba. Unamfundisha mtoto hata akiwa amelala."

"Basi na sisi walimu tukalale," alisema Mwalimu Esta.

Valentino hakucheka. Alimwagiza dereva ateremshe maboksi. "Vishikwambi vipya, bure kabisa. Tuseme deni limekwisha."

Nilimgeukia Mwalimu Esta, kwa kuwa hasara ilikuwa yake. "Unasemaje, Mwalimu?"

"Hata vile vya kwanza vilikuwa vya bure, mzee. Mimi naomba rafu."

"Rafu si kazi ya mtu wa ngazi yangu," alisema Valentino, akiisukuma randa kwa kidole kimoja kana kwamba ina kinyesi. Akaingia garini. Dereva alirudisha maboksi yote. Nilisimama pale hadi la mwisho lilipoingia.

Pilau ikafunikwa. Tulivua makoti, wanaume wenye mvi na matumbo, tukaanza kupima mbao. Saa kumi jioni rafu ya kwanza ilisimama, imepinda kidogo upande wa kushoto, na Mwalimu Esta akapanga humo vitabu vya fizikia vilivyonuka viazi. Ndipo tukala.

Kabla ya kuondoka nilichukua chaki, nikaandika kwenye ubao wa bwalo kama sheria inavyotaka: *Valentino. Rafu za maktaba. Amekataa kulipa.*