Kompyuta ya Bwana Harusi

Kila Jumamosi asubuhi Bwana Harusi aliizima kompyuta yake kwa utaratibu, akachomoa plagi kwa kushika kichwa chake, si waya, akapangusa kioo kwa kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri. Vumbi la ndani alilitoa kwa brashi mpya. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani, maana kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi, na aliyemwona akiihudumia ile mashine angedhani ndiyo aliyofunga nayo ndoa. Aliyefunga naye ndoa alikuwa msusi, na huyo alipanguswa kwa mkanda.

Sababu hazikuwahi kukosekana. Siku hiyo ilikuwa kikombe cha chai. Msusi alijisahau akakiweka kwenye meza ya kompyuta, ainame kuokota kitana. Bwana Harusi alikiondoa kikombe kwanza, akakipeleka mbali, ndipo akarudi na kumtandika ngumi ya jicho. Msusi aliiona inakuja, akasikia upepo wake, na hakusikia kitu kingine. Nyuma ya mumewe kioo cha kompyuta kikavimba upande wa kushoto na kugeuka cheusi.

Ngumi ya pili ilikuwa ya mbavu. Boksi la kompyuta likabonyea ubavuni na kuguna. Ya tatu ilikuwa ya taya, na kitu kikadondoka ndani ya boksi.

"Umefanya nini?" mumewe akauliza.

"Nimesimama tu."

Aliitwa fundi kompyuta wa mtaa wa pili, mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alifungua boksi, akamulika tochi. Feni ilikuwa na damu iliyoganda, na chini yake kulikuwa na gego moja, ambalo alilichomoa kwa koleo akaliweka kwenye kisahani pamoja na skrubu lisipotee.

"Mashine hii inapigwa," akasema.

"Ninayempiga ni mke wangu. Mashine naitunza."

"Basi ngumi zinafika huku, kaka. Na diski haitaki vishindo. Ukiendelea, harusi zote zitakwenda na maji."

Walifungua video moja kuhakikisha. Bibi harusi wa mwezi uliopita alikuwa anakata keki, jicho moja limefumba kwa uvimbe, na wageni wakimpigia makofi kama kawaida.

Bwana Harusi akaacha kupiga. Mkono ulipanda, akaitazama mashine, mkono ukashuka. Msusi alianza kulala ubavu wowote aliotaka. Majirani walikuja kuipa kompyuta pole, na mama mkwe akailetea kifuniko alichokifuma mwenyewe. "Na wewe mkwe, usimkasirishe mwenzio," akasema. "Unaona hasara yake." Msusi aliitikia vizuri tu. Alikuwa na furaha, na mashine aliionea huruma kwelikweli. Watu wakitoka, aliifuta vumbi polepole pale palipobonyea, akiiomba ivumilie.

Fundi alirudi kubadilisha kioo, na akiwa anaondoka akatoa ushauri ambao humpa kila mteja.

"Kaka, kazi yako yote haifai kukaa kwenye diski moja. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha uiweke nyumba nyingine kabisa. Isipate joto wala vishindo."

"Na mashine yenyewe?" msusi akauliza haraka.

"Hicho ni chuma tu, shemeji. Kikifa kinanunuliwa kingine."

Msusi alimwangalia fundi, akatamani amzibe mdomo kwa kiganja. Maneno yalikuwa yameshatoka.

Bwana Harusi alinakili harusi zote. Hakuharakisha. Alisubiri mpaka mashine ikamwambia diski iko tayari kutolewa, akaitoa, akaiviringisha kwenye taulo na kuipeleka kwa mama yake. Aliporudi alifunga mlango na kuvua mkanda.

Safari hii hakutafuta hata sababu. Alimpiga msusi usoni, mgongoni, tumboni, na msusi akawa amesimama mzima katikati ya chumba, analia, macho yake kwenye mashine. Kioo kipya kilipasuka. Boksi lilichanika pembeni, likavuja damu hadi mguuni mwa meza. "Mwache, atakufa," msusi akasema, na mumewe akajibu kwamba ndivyo anavyotaka. Feni ikazunguka kwa kukohoa, ikasimama. Bwana Harusi akatega sikio, akapumua, akakunja ngumi nyingine. Hiyo ilimfika msusi. Zilizofuata zilimfika zote.

Kesho yake fundi alileta kompyuta mpya, na ile ya zamani akaitia kwenye gunia.

"Kazi zako ziko salama?" akauliza.

"Zote."

"Basi hakuna kilichopotea, kaka."

Msusi alikuwa mlangoni na chai ya mgeni. Alifungua mdomo aseme kitu, lakini taya lilikataa. Akaiweka chai sakafuni, akaenda nje kumsuka mteja.