Daijobu Ipi

Tomoe alikata usukani kulia, gari likakataa. Mumewe, Isamu, aliliona jambo hilo akiwa amesimama ukingoni mwa uwanja wa mbio: magurudumu ya mbele yamegeuka, lakini pua inakwenda kulekule ilikokuwa ikienda. Gari likavuka nyasi, likajipigiza kwenye ukuta wa matairi. Isamu alikimbia na spana mkononi, asijue anakwenda kukaza nini.

"Mama Nao! Mama Nao!"

"Daijobu," alisema Tomoe, akiukumbatia mkono uliovunjika kifundoni. Alitabasamu huku machozi yakimtoka.

Kwetu Japani neno hilo ni kapu. Ndani yake mna "sawa, fanya", na mna "asante, inatosha", na anayelipokea huchukua lile analolitaka. Ndoa ya wawili hao ilikuwa imeendeshwa kwa neno hilo tangu ujana. Unaumwa? Daijobu. Tumlete mama yangu akae nasi? Daijobu. Isamu alikuwa mtu wa kuchukua "sawa", na hakuwa amewahi kuingiza mkono mpaka chini ya kapu.

Gari lilikuwa la Tomoe. Alilinunua kuukuu binti yao Nao alipohamia Nagoya na nyumba ikapwaya. Lilikuwa dhaifu, mlimani linahema, lakini kwenye kona lilimsikiliza, naye alirudi kutoka uwanjani akiwa amechangamka kama msichana. Isamu, fundi mwenye gereji kando ya mashamba ya tufaha ya Iida, alitaka kumwambia kwamba furaha ile inampendeza. Maneno hayakumjia. Akamfungia turbo, ile ya kuipa injini nguvu zaidi.

Nguvu ni mgeni. Akishaingia, hudai chumba. Gari likaanza kuchuchumaa nyuma kila likikanyagwa mafuta, pua ikainuka, tairi za mbele zikakosa kushika. Isamu akaweka springi ngumu na shokapu mpya. Akaongeza nguvu tena. Sasa gurudumu la ndani likawa linazunguka bure kwenye kona, nguvu yote ikiishia kwenye moshi. Akafunga difu ya kukaza, ile inayoyalazimisha magurudumu mawili ya nyuma kwenda pamoja, na kila alipoongeza nguvu aliikaza zaidi. Wateja walimsifu. Tomoe alimshukuru kila mara, akiinama kidogo, kama anayeshukuru zawadi isiyomtosha mwilini.

Asubuhi ya ajali walikuwa uwanjani na jirani yao Hatta, mkulima wa tufaha ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Mama Nao, huyu mumeo atakurusha mwezini!"

"Labda akiniuliza kwanza," Tomoe alijibu. Watu wakacheka, na Isamu, aliyekuwa chini ya gari, akacheka nao.

"Nyuma bado inateleza?" aliuliza kutoka huko chini.

"Haitelezi. Limekuwa zito kugeuka, Baba Nao. Kona ya chini nalibembeleza kama mtoto."

"Bado halijakaa sawa tu hilo. Nikaze difu tena kidogo?"

Palikuwa na kimya. Isamu aliviona viatu vya mkewe vikisogea hatua moja nyuma.

"Daijobu."

Akakaza.

Ni kimya kile kilichomrudia baadaye gerejini, alipokuwa akilifungua gari lililobondeka. Alinyoosha bodi. Aliitoa turbo, akarudisha springi laini, akailegeza difu mpaka gurudumu moja likaweza tena kuliacha jingine litangulie kwenye kona. Kila bolti iliyolegea ilimuuma. Mkewe alikuwa amemwambia, kwa sauti yake, mbele ya watu, naye alimsikia kama fundi anavyosikia injini: akitafuta mahali pa kuongeza.

Bandeji ngumu ya Tomoe ilipotolewa, matufaha yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Isamu aliliegesha gari mbele ya nyumba, limeoshwa, kisha akaingia sebuleni ambako mkewe alikuwa akimimina chai kwa mkono ambao bado ulikuwa mzito.

"Nimelirudisha kama zamani," alisema. "Halina nguvu tena. Linageuka. Twende tu mpaka darajani, uendeshe wewe."

Tomoe alilitazama gari kupitia dirishani, akalitazama kwa muda mrefu.

"Daijobu," alisema.

Isamu alikuwa ameshauchukua ufunguo ukutani. Alifika mlangoni, akasimama. Masikio yalipata moto kwa aibu ya swali ambalo hata mtoto huona haya kuliuliza.

"Mama Nao. Daijobu ipi?"

Mkewe aligeuka, akamtazama kana kwamba ameingia mgeni.

"Ya hapana," alisema polepole.

"Na siku ile?"

"Ya hapana."

"Na turbo?"

Macho ya Tomoe yalijaa, akainamisha kichwa juu ya birika. Isamu aliurudisha ufunguo kwenye msumari wake, akaketi upande wa pili wa meza. Walikunywa chai. Nje Hatta alikuwa akimfokea mbwa wake.

Kikombe cha Isamu kilipokwisha, Tomoe aliinua birika.

"Nikuongeze?"

Neno lilimjia mdomoni kwa mazoea, likafika kwenye meno. Akalimeza.

"Ndiyo," alisema. "Niongeze, tafadhali."