Mama Mwingine wa Chediel

Winfrida alipoingia chumbani kwa Flora, mtoto mgongoni, alikuta mkeka mmoja na mtu mmoja juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

Wenzake, wanawake wa kikundi cha kusaidiana misibani, walikuwa wamekwenda kijijini Issuna kumzunguka Joyce, aliyemzaa Chediel. Lakini Flora, dada mkubwa wa Joyce, ndiye aliyempokea Chediel akiwa mchanga, akamlea mpaka akaota ndevu. Jana kijana alizikwa huko huko Issuna, na miguu mibovu ikamfunga Flora hapa Singida mjini.

Wanakikundi wametawanyika vijijini. Ndiyo maana mwenyekiti, Martha, alimwomba Winfrida, anayesoma kompyuta jioni, atengeneze programu: msiba ukitokea, imtambue mama wa marehemu, iwatumie wanawake ujumbe waende kulala naye matangani. Winfrida aliandika kwamba mzazi wa kike yumo katika kundi la mama. Akaeleza pia maana ya mama: mwanamke yeyote aliyemzaa mtoto au kumlea.

Ikabaki kuchagua injini, yaani sehemu ya programu inayotoa hitimisho. Moja, nyepesi, ilifuata makundi yaliyotajwa waziwazi tu, maana haikuisoma. Nyingine ilipima maana pia, ikagundua yenyewe nani anaingia kundi gani. Ila hiyo iliigandisha kompyuta yake kuukuu, na mtoto alikuwa analilia ziwa. Akachukua nyepesi. Aliijaribu kwa waliozaa, ikajibu sawasawa. Mlezi hakumjaribu, ingawa walezi nao walikuwamo kwenye orodha. Kwao mama mkubwa ni mama; nani huuliza hilo?

Akampigia Martha.

"Mama, Flora yuko peke yake!"

"Ee! Si mashine yako ilituambia Issuna, msomi wetu?"

"Kosa ni langu, mama. Nilichagua vibaya."

"Tumeshaanua matanga, binti yangu. Watu wako njiani, kila mtu kwake."

Winfrida akafungua kompyuta, akabadili injini. Ikakawia.

"Inafanya nini hiyo?" Flora akauliza.

"Inafikiri."

"Inafikiri kama mimi ni mama yake?" Flora akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Iambie nilimtafunia nyama hajaota meno."

Jina la Flora likatokea chini ya la Joyce. Winfrida akamwonyesha. Flora akalitazama, akalitazama tena.

"Na wanawake?"

"Ujumbe umekwenda, mama. Watakaogeuza njia watakuja."

"Na wasipogeuza?"

Winfrida akafungua kanga, akamlaza mtoto mkekani, naye akajilaza kando ya Flora. Hapo ndipo Flora akaangua kilio kwa sauti, akimwita Chediel mwanangu.